Daftari la matamanio: jinsi ya kuandika orodha ya vitu unavyovitaka hadi vikufikie

Wiki mbili kabla ya kurudi kutoka Dubai, shangazi yangu alinipigia simu. "Mwanangu, nikuletee nini?" Nikamjibu kama wengi wetu tulivyolelewa kujibu: "Chochote tu, shangazi. Wewe urudi salama." Akaniletea manukato, nikayapokea kwa mikono miwili. Lakini juu ya meza yangu ya ushonaji hapa Kampala kulikuwa na mkasi uliokuwa ukitafuna kitambaa badala ya kukikata, na mkasi mzuri wa inchi 10 ungejibana kwenye pembe ya sanduku lake bila kuongeza hata kilo moja. Mwenye kutaka nilikuwepo, mwenye kutoa alikuwepo. Kilichokosekana ni jina la kitu.

Tangu siku hiyo naweka daftari la matamanio, na huu hapa ndio utaratibu wake wote kama ninavyoufuata. Najua wapo watakaosema kuandika unavyovitaka ni tamaa, na tamaa mbele, mauti nyuma. Methali hiyo naiheshimu. Inamsema mtu anayekimbilia kitu kabla hajakitazama. Anayeandika amesimama, na kitu amekisimamisha mbele yake akakizunguka pande zote. Watu ninaowaona wakilia kwa ajili ya vitu walivyonunua ni wale ambao hawakuandika.

Hatua ya kwanza: mimina yote

Chukua daftari la kawaida la wanafunzi, lile la kurasa 96. Simu inatosha, ila simu huibwa, hufa betri, na ina kelele nyingi. Kaa peke yako nusu saa. Andika kila kitu unachokitaka, kikubwa na kidogo, bila kuuliza bei na bila kujiuliza kama unastahili. Kiwanja kikae chini ya sufuria, sufuria chini ya miwani ya kusomea. Usimwonyeshe mtu. Ukiandika huku mwenzako anachungulia begani, utaandika vitu vya kumpendeza yeye.

Kila mstari uwekee tarehe. Tarehe hiyo utaihitaji baadaye.

Hatua ya pili: futa jina, andika kazi

Hapa ndipo orodha nyingi huokolewa au hupotea, kwa hiyo usipite haraka.

Mtu anaandika "friji". Muulize: ya nini? Mmoja atasema watoto wanywe maji baridi. Wa pili atasema anapika maharage mara mbili kwa wiki na yanaharibika. Wa tatu anataka kuuza soda na maji mbele ya nyumba. Hao watatu wameandika neno moja lakini wanataka vitu vitatu tofauti. Wa kwanza mtungi wa udongo wenye kifuniko, ukiwekwa kivulini, unampa maji baridi leo hii kwa bei ndogo. Wa pili anahitaji friji ndogo yenye sehemu ya kugandisha. Wa tatu anahitaji friji ya mlango wa kioo, na kabla ya friji anahitaji kuhesabu kama soda zitalipa umeme.

Kwa hiyo pembeni ya kila jina andika sentensi moja inayoanza na "ili". Ili nisikae gizani Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ikiisha. Ili mgeni wa kijijini alale kitandani, asilale mkekani. Ili nimalize sketi za shule kabla ya Februari. Ikiwa dakika tano zimepita na "ili" yako bado haijapatikana, usikifute kitu hicho. Kiwekee alama ya kuuliza uendelee. Kuna vitu mtu anavitaka kwa sababu ni vizuri tu, na uzuri ni sababu. Saa ya mkononi inayokufurahisha kila unapoitazama haihitaji kujitetea. Andika "ili nifurahi", mradi iwe kweli.

Hatua ya tatu: pima mahali kitakapokaa

Nimekulia kambi ya polisi ya Nsambya, ndani ya unipoti, zile nyumba za mabati za duara. Kiswahili kilikuwa lugha ya uani, kwa sababu jirani wa kulia alitoka Arua, wa kushoto Tororo, na wa mbele Kabale. Kule nje, kando ya barabara ya Ggaba, mafundi seremala walipanga makabati, vitanda na makochi hadi ukingoni mwa lami, na sisi watoto tulipita katikati ya samani hizo kama tunapita sebuleni kwa watu.

Mama alilipenda kabati moja lenye kioo. Alikuwa na orodha yake nyuma ya daftari la madeni, na kabati hilo lilikuwa la kwanza. Jumapili moja alivua leso akalipima urefu na upana, kisha akarudi nyumbani na kuitandaza leso ile ukutani. Ukuta wa duara haupokei mgongo ulionyooka. Kabati lingesimama katikati ya chumba, na nyuma yake pangebaki pengo la panya. Baba akamwambia, "Mama watoto, tununue tu, tutajibana." Mama akakataa. Alichoagiza ni rafu nyembamba tatu, fundi akazifunga kwenye nguzo, na vyombo vyake vikapata mahali. Kabati alilinunua miaka mingi baadaye, alipopata nyumba yenye pembe nne.

Basi pima. Upana, kina, kimo, na usisahau mlango wa kuingilia, kwa maana kochi linalotosha sebuleni linaweza kukwama barazani. Andika namba hizo kwenye mstari ule ule wa kitu. Kama ni kitu cha umeme, andika soketi iko wapi. Kama ni nguo au viatu, andika saizi yako halisi ya sasa, si ya miaka mitano iliyopita.

Andika pia hali unayoikubali: kipya au mitumba? Kwa mimi, sufuria, pasi ya mkaa, cherehani ya chuma na fanicha ya mbao ngumu nakubali mitumba bila wasiwasi. Betri ya sola, godoro na kofia ya boda boda, hapana. Betri na godoro huchakaa ndani, mahali macho hayafiki, na kofia iliyowahi kuanguka barabarani inaweza kuwa imeshapasuka chini ya rangi.

Hatua ya nne: bei na mkia wake

Kila kitu kina mkia. Bei unayotajiwa dukani ni kichwa tu. Mkia hufuata nyuma, na mara nyingi ndio unaoangusha nyumba. Gawa ukurasa kwa mstari wa wima: kushoto kichwa, kulia mkia.

Kwanza kichwa. Usiandike bei ya kukisia. Nenda uulize kwa wauzaji watatu, kila kitu katika soko lake hapa Kampala. Kikuubo kwa bidhaa za jumla, Katwe kwa vitu vya chuma, Ndeeba kwa mbao, Owino kwa mitumba na vyombo. Nenda bila pesa mfukoni. Ukienda na pesa unakwenda kununua, na leo kazi ni kuuliza. Mwambie muuzaji wazi: "Leo naulizia bei, nitarudi." Wengi watakushusha bei papo hapo ili usiondoke, na hapo unapata namba mbili: ya kuanzia na ya kumalizia. Ziandike zote mbili pamoja na tarehe.

Sasa mkia. Turudi kwenye friji. Tuseme kichwa ni shilingi 900,000. Kuna usafiri wa kuifikisha nyumbani, na kile kifaa cha kuilinda umeme unaporukaruka. Kuna umeme wenyewe. Friji nyingi mpya zina kibandiko kinachoonyesha matumizi ya mwaka kwa kilowati-saa, na kilowati-saa moja ndiyo uniti moja ya Yaka. Kikisema 220, gawanya kwa 365: unapata uniti 0.6 kwa siku, yaani 18 kwa mwezi. Kwa nyumba za kawaida hapa Uganda, uniti 15 za kwanza za mwezi huuzwa kwa bei nafuu, kisha bei inapanda. Maana yake friji hiyo peke yake inamaliza uniti zote za nafuu na kuvuka. Taa, pasi na runinga vyote vitahamia kwenye bei ya juu. Sikukatazi friji, ila sasa unajua inakula nini.

Hata njia ya kulipia ina mkia. Ukiweka akiba kwenye simu kisha ukatoa hiyo 900,000 kwa wakala, kodi ya serikali ya asilimia 0.5 peke yake ni shilingi 4,500, na ada ya kutoa inafuata juu yake. Muulize muuzaji mapema kama anapokea malipo moja kwa moja kwenye simu.

Mfano wa pili nautoa kwenye kazi yangu, kwa kuwa nimeuhesabu kwa miaka. Fundi cherehani yeyote anatamani mashine ya ovaloki, ile inayopiga kingo za nguo zisichanike. Kichwa chake unakijua ukiuliza. Mkia ni huu: ovaloki ya nyuzi nne inataka koni nne kwa wakati mmoja. Ukitaka nyeupe na nyeusi tu, tayari ni koni nane, na bado hujashona sare ya kijani. Kisha kuna mota. Mota ya klachi ikishawashwa huzunguka muda wote, hata unapokuwa unapanga kitambaa. Mota ya servo huzunguka unapokanyaga pedali tu. Muuzaji atakwambia ya klachi ni rahisi, na ni kweli, kwenye kichwa. Baada ya hapo ongeza sindano, mafuta, visu vinavyokata kingo, na fundi wa kuirekebisha nyuzi zikianza kulegea. Nilipojumlisha mkia wa mwaka mmoja niliona ninapaswa kuweka pembeni kiasi kikubwa kuliko nilichodhani, na nikashukuru kwamba nimekiona kwenye karatasi kwanza.

Kama mkia umekushinda, kichwa hakikufai bado. Acha mstari wake ulipo, andika "bado".

Hatua ya tano: subira ya siku 30

Kitu chochote kinachozidi pesa unayoweza kuipoteza bila kuumia, kipe siku 30 tangu tarehe uliyokiandika. Baada ya siku hizo soma mstari huo kwa sauti. Moyo ukiwa bado umesimama pale, kibakishe. Ukiwa umepoa, kikate kwa mstari mmoja ili bado kisomeke. Tazama pia tarehe: kama matamanio matano yameingia siku moja, jiulize siku hiyo ulikuwa wapi. Mimi niligundua kwamba vitu vingi nilivyovikata viliandikwa jioni ya harusi za watu.

Hatua ya sita: vyepesi, vya kati, vizito

Panga upya ukurasa mpya. Vyepesi ni vile unavyoweza kuvinunua ndani ya miezi mitatu. Vya kati ni ndani ya mwaka. Vizito ni vya miaka: kiwanja, nyumba, gari. Vyepesi na vya kati havihitaji maelezo yangu zaidi. Vizito ndivyo vyenye hatari, kwa sababu mkia wake ni karatasi.

Kiwanja. Ekari moja ni desimali 100. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kinachotajwa kila mahali ni desimali 11 na nusu hivi, basi ukiambiwa ni "robo ekari" jua unadanganywa. Usiandike "kiwanja" tu, andika ni cha umiliki gani. Uganda ina aina nne: mailo, ambayo chanzo chake ni mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, ardhi huru, ardhi ya kukodi, na ardhi ya kimila. Juu ya mailo kuna watu wanaomiliki kibanja, yaani kipande wanachokaa au kulima bila hati, na mwenye hati ni mwingine. Kibanja kinauzwa kihalali, lakini sheria ya ardhi ya 1998 inataka ridhaa ya mwenye hati. Ukinunua bila yeye, umenunua kesi. Ikiwa ni ardhi ambayo familia inakaa au inajilisha, ridhaa ya mke au mume wa muuzaji nayo inatakiwa. Kwa hiyo kwenye mkia wa kiwanja andika: upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi, mpimaji wa kuthibitisha mipaka, wakili, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, pamoja na majirani kama mashahidi. Andika hayo kabla ya kuandika bei.

Gari. Tangu sheria ya 2018, gari lililofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa haliruhusiwi kuingizwa nchini, na magari yaliyozeeka yana ushuru wa mazingira juu ya kodi nyingine. Andika mwaka wa kutengenezwa unaoukubali, kisha hesabu mafuta ya wiki yako halisi: kazini, shuleni, msikitini au kanisani, kijijini mara moja kwa mwezi.

Hatua ya saba: pesa zitoke wapi, na lini

Chagua kitu kimoja chepesi na kimoja cha kati. Viwili tu. Vizito vipate kiasi kidogo kila mwezi bila kelele.

Fungua kalenda uweke alama kwenye miezi ya karo: Februari, mwisho wa Mei na Septemba. Miezi hiyo usijipangie kununua chochote, kwa sababu mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, kitu kipya ulichokinunua kitakukera kila ukikitazama. Desemba nayo bei hupanda na kila mtu yuko sokoni. Mimi hununua Machi, Julai na Oktoba.

Kwa vitu vya kati, hakuna kilichonisaidia kama kashi raundi. Watu kumi, kila mmoja 50,000 kwa wiki, na kila wiki mmoja anaondoka na 500,000. Siri yake ni zamu. Wengi hung'ang'ania zamu ya kwanza. Wewe fungua daftari lako, tazama siku 30 za kitu chako zinaisha lini na karo iko lini, halafu omba zamu inayoangukia hapo. Na ingia na watu unaowajua nyumbani kwao, si sokoni tu.

Kwa vizito, pesa ya miaka inahitaji mahali ambapo mkono haufiki kirahisi. Hati za hazina za muda mfupi, yaani pesa unayoikopesha serikali, zinazouzwa kupitia Benki Kuu ya Uganda ni za siku 91, 182 na 364, na unaweza kuanza na shilingi 100,000 kupitia benki yako ya kawaida. Faida yake hukatwa kodi ya asilimia 20. Mtu anayetafuta kiwanja akiweka hapo kidogo kidogo, kila siku 364 zikiisha analazimika kukaa chini na kuamua upya, na kikao hicho kina thamani yake.

Hatua ya nane: ukurasa wa kuonyesha

Daftari zima ni lako. Lakini nakili ukurasa mmoja kwa ajili ya watu wanaokupenda. Uwe na vitu vyepesi tu, vya bei tofauti, kila kimoja kwa jina kamili, saizi, na mahali kinapopatikana. Mtu wa familia aliye kwenye kyeyo, yaani kazi za ughaibuni, akipiga simu, msomee mstari mmoja. Kina mama walio kwenye nigiina, kikundi cha kupeana zawadi kwa zamu, siku yako ikikaribia, mpelekee mwenyekiti ukurasa huo mapema. Beseni sita za plastiki zinazofanana huletwa kwa upendo, na upendo huo huo ungeleta sufuria, mashuka na thamosi kama wangejua.

Kutaja unachokitaka kwa adabu hakumwaibishi anayeuliza. Unampunguzia mzigo. Sema hivi: "Shangazi, nikipata kitu fulani nitafurahi sana, na usipokiona, kuja kwako kunanitosha." Kisha usikumbushe tena.

Na wewe uwe na ukurasa wa pili, wa vitu wanavyovitaka wao. Ukimsikia mama akisema taa ya jikoni inamwumiza macho, kaandike.

Baada ya kununua

Usifute. Andika tarehe, bei uliyolipa, na ulikonunua. Baada ya miezi sita rudi uandike kama "ili" yako imetimia. Mkasi wa inchi 10 ulikuwa mstari wa kwanza kabisa wa daftari langu. Niliununua mwenyewe, na pembeni yake nimeandika: "Imetimia. Mkono hauumi tena."

Ukurasa wangu wa leo una mistari 14. Ulio juu kabisa ni ovaloki ya nyuzi nne, mota ya servo, mitumba inakubalika, meza isizidi sentimita 120 kwa sababu kati ya dirisha na mlango nina 130. Koni nane zimeshanunuliwa, ziko kwenye mfuko wa nailoni zisipate vumbi. Zamu yangu ya kashi raundi ni Oktoba. Shangazi amerudi Dubai, na wiki iliyopita alipouliza nilimtumia mstari mmoja kama ulivyo: sindano za ovaloki, aina ya DCx27, namba 11 na 14, pakiti mbili za kila namba.